Siku Kumi Nyuma ya Mkataba wa Anpo: Kutoka Tokyo hadi Okinawa

14 Juni, Tokyo

Ndege ilitua Haneda asubuhi huku manyunyu yakianguka, kwa kuwa Juni ndio mwezi wa mvua huku. Nilifundisha historia Mombasa hadi nilipostaafu, na kila mwaka Vita vya Pili vya Dunia nilivimaliza pale pale: Septemba 1945, Wajapani wanatia saini kushindwa juu ya manowari Missouri katika Ghuba ya Tokyo, kengele inalia, wanafunzi wanatoka. Jinsi mataifa mawili yaliyochinjana kwa miaka minne yalivyogeuka kuwa washirika wa kijeshi kwa zaidi ya miaka 70, hilo sikuwahi kulieleza, na kwa kweli sikuwahi kujiuliza. Safari hii nimeifunga kwa ajili ya swali hilo moja.

Mwenyeji wangu alinipokea uwanjani. Ni mzee wa miaka 84, aliyekuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufundisha sayansi kwa kujitolea huko Taita, na Kiswahili chake kimebaki imara kuliko magoti yake. Yeye huniita Mwalimu nami humwita Mzee. Kabla hatujafika kwenye treni alisimama, akaniambia kwamba safari yangu ilikuwa imeanzia mahali panapofaa. Tarehe 10 Juni 1960, James Hagerty, msemaji wa Rais Eisenhower, alitua Haneda kuandaa ziara ya bosi wake, na gari lake likazingirwa na waandamanaji waliopinga mkataba mpya wa usalama na Marekani, ule uitwao Anpo, kwa zaidi ya saa nzima, wakilitikisa na kulikanyaga, mpaka helikopta ya kijeshi ilipokuja kumwokoa. Ziara ya rais ikafutwa siku sita baadaye.

Jioni tulipita mbele ya jengo la Dai-ichi Seimei, linalotazamana na handaki la maji la kasri la mfalme. Humo ndimo Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani alimokuwa na ofisi yake wakati Japani ilipokaliwa na majeshi ya washindi, ambayo yeye ndiye aliyeyaongoza. Nilichukua picha moja, tukaenda kula.

15 Juni, Tokyo

Siku ya leo niliichagua kwa makusudi. Tulishuka kituo cha Kokkai-gijidomae tukapanda hadi kwenye uzio wa Bunge, upande wa lango la kusini. Palikuwa na watu wachache wenye mvi, miavuli mkononi, na maua yaliyowekwa chini kwenye lami iliyolowa. Jioni ya tarehe 15 Juni 1960, wanafunzi waliliingia Bunge kupitia lango hili, polisi wakawarudisha nyuma kwa marungu, na katika msongamano ule akafa Kanba Michiko, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliyekuwa na umri wa miaka 22. Mzee alikuwepo usiku ule. Alikuwa na miaka 19, na alikuwa mbali na lango, kwa hiyo alichosikia ni kelele tu. Habari ya kifo iliwafikia kupitia vipaza sauti.

Ili kuelewa kilichowatoa vijana wale madarasani, ni lazima kurudi kwenye mikataba yenyewe, kwa sababu iko miwili na watu huichanganya. Wa kwanza ulitiwa saini tarehe 8 Septemba 1951 huko San Francisco. Asubuhi ya siku ile, katika jumba la opera, mataifa 48 yalitia saini na Japani mkataba wa amani uliomaliza vita rasmi. Umoja wa Kisovieti, Poland na Czechoslovakia zilihudhuria zikakataa kusaini, India haikwenda, na China haikualikwa. Saa chache baadaye, katika kambi ya kijeshi ya Presidio, Waziri Mkuu Yoshida Shigeru alitia saini peke yake, kwa niaba ya Japani, mkataba wa usalama na Marekani wenye ibara tano tu. Mkataba ule uliwaruhusu wanajeshi wa Marekani kubaki Japani, lakini haukuwalazimisha kuilinda. Uliwaruhusu hata kutumika kuzima ghasia kubwa za ndani ya nchi iwapo serikali ya Japani ingeomba, na haukuwa na tarehe ya kwisha. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza Juni 1950, Marekani ilihitaji viwanja na bandari, na Japani, ambayo katiba yake ya 1947 katika ibara ya tisa imeikataa vita, haikuwa na jeshi la kujitetea. Kwa lugha ya mtaani, nchi ilirudishiwa uhuru wake kwa sharti la kumwachia mshindi vyumba kadhaa ndani ya nyumba.

Wa pili ndio unaotumika hadi leo. Ulitiwa saini Washington tarehe 19 Januari 1960 na Waziri Mkuu Kishi Nobusuke, na ukiulinganisha na ule wa kwanza, kwenye karatasi ni bora: una ibara kumi, habari ya kuzima ghasia imeondolewa, na ibara ya tano inasema kwamba shambulio dhidi ya upande wowote katika maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani litachukuliwa kuwa hatari kwa pande zote mbili. Ibara ya sita inaipa Marekani haki ya kutumia ardhi na viwanja vya Japani kwa majeshi yake. Msomaji makini ataona kwamba Japani hailazimiki kwenda kuitetea California. Malipo yake kwa ulinzi wa ibara ya tano ni ardhi ya ibara ya sita, na hapo ndipo neno “pamoja” lililomo katika jina la mkataba linapoanza kuchechemea.

“Basi mlikuwa mnapinga mkataba ulio bora kuliko uliokuwepo?” nikamuuliza.

“Tulimpinga Kishi, Mwalimu,” akajibu. “Na namna alivyoupitisha.”

Usiku wa tarehe 19 Mei 1960 wabunge wa upinzani walikaa sakafuni kumzuia spika asifike kwenye kiti chake. Polisi waliingizwa ukumbini, wakawabeba mmoja mmoja nje, na baada ya saa sita usiku chama tawala kikaupitisha mkataba peke yake. Watu ambao hawakuwa na maoni yoyote kuhusu kambi za kijeshi waliona demokrasia yao, yenye umri wa miaka 13 tu, ikibebwa mikono na miguu kama wabunge wale. Tangu usiku ule mitaa hii haikupumua. Wote wakaliita jambo lile kwa neno moja, Anpo, ambalo ni kifupisho cha maneno ya Kijapani yenye maana ya kuhakikisha usalama, na hata leo Mzee akilitamka huinua kidevu.

16 Juni, Tokyo

Mvua kubwa. Tulikwenda Ikebukuro kwa ajili ya kitu kimoja tu: jengo refu la Sunshine 60, lenye maduka na migahawa, lililosimama mahali palipokuwa gereza la Sugamo. Kishi alifungwa humo kwa takriban miaka mitatu baada ya vita, akituhumiwa kuwa mhalifu wa kivita wa daraja la juu, kisha akaachiwa mwaka 1948 bila kufikishwa mahakamani. Alikuwa waziri katika baraza la Tojo, waziri mkuu wa wakati wa vita, na jina lake limo miongoni mwa mawaziri waliotia saini tangazo la vita dhidi ya Marekani mwaka 1941. Mkono uliosaini vita ndio uliosaini ulinzi wa pamoja, miaka 18 na wiki chache baadaye, huku Eisenhower, jenerali wa vita vile vile, akiangalia. Sijui somo la historia linaloweza kuonyesha ugeuzi ule kwa ufupi zaidi. Wenzake saba walinyongwa ndani ya uzio huu Desemba 1948. Leo ghorofa za chini zimejaa vijana wanaonunua wanasesere.

17 Juni, Tachikawa

Treni kuelekea magharibi, chini ya saa moja. Bustani ya Showa Kinen ni pana, ina maziwa na njia za baiskeli, na familia hutandika mikeka kwenye nyasi. Hapa palikuwa na uwanja wa ndege wa jeshi la Marekani. Mwaka 1955 ilitangazwa kwamba njia ya ndege itarefushwa kuingia kwenye mashamba ya mji mdogo wa Sunagawa, na wakulima wakagoma. Wapimaji wa ardhi walipokuja na vigingi, wakulima walisimama mbele yao pamoja na wanafunzi na vyama vya wafanyakazi. Msemo wao ulikuwa kwamba ardhi inaweza kupigwa kigingi lakini moyo haupigwi.

Kilichonivutia mimi ni kesi. Julai 1957 baadhi ya waandamanaji walivuka uzio wakaingia ndani ya kambi hatua chache tu, na saba wakashtakiwa. Tarehe 30 Machi 1959 hakimu Date Akio wa mahakama ya wilaya ya Tokyo aliwaachia huru, akisema kwamba kuwepo kwa majeshi ya Marekani kunakiuka ibara ya tisa ya katiba. Fikirini uzito wake: mazungumzo ya mkataba mpya yako katikati, na hakimu mmoja anasema msingi wake wote ni batili. Serikali ikaruka mahakama ya rufaa ikaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu ya nchi, nayo tarehe 16 Desemba mwaka ule ule ikaitengua hukumu, ikieleza kwamba jambo lenye siasa nzito namna hii kwa kawaida si la mahakama kuamua. Mwezi mmoja baadaye Kishi alikuwa Washington na kalamu. Mwaka 2008 nyaraka za Marekani zilizofunguliwa zikaonyesha kwamba balozi wa Marekani, ambaye alikuwa mpwa wa Jenerali MacArthur na akiitwa jina lile lile, alikuwa amezungumza faragha na jaji mkuu wa Japani wakati kesi ikisubiri.

Wakulima, hata hivyo, hawakushindwa. Mpango wa kurefusha njia ulifutwa mwaka 1968, kambi ikarudishwa mwaka 1977, na bustani ikafunguliwa mwaka 1983. Mzee alilala kwenye benchi kwa nusu saa, nami nikala andazi la maharagwe matamu nikiwatazama watoto.

18 Juni, Yokosuka

Kuna mashua ya watalii inayoizunguka bandari ya Yokosuka kwa dakika 45, na wapenzi wa manowari hujaza sitaha wakiwa na kamera ndefu kama bunduki. Upande mmoja zimefungwa meli za Jeshi la Majini la Marekani, makao ya Kikosi cha Saba. Upande wa pili, karibu kiasi cha kurushiana machungwa, zimefungwa meli na nyambizi za Vikosi vya Kujihami vya Japani. Tangu mwaka 2008 bandari hii ndiyo maskani ya manowari ya kubeba ndege inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, jambo lililo zito kwa taifa lenye Hiroshima. Hapa hapa Yokosuka, ufukweni Kurihama, ndipo Komodoo Perry wa Marekani alipotua mwaka 1853 na meli zake nyeusi kuilazimisha Japani ifungue milango.

Nikiwa kwenye mashua niliikumbuka Kilindini. Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo na Trincomalee, meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi zilirudi nyuma hadi Mombasa, na wataalamu waliokuwa wakisoma mawasiliano ya siri ya jeshi la majini la Japani wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Bama (Burma) mwaka 1944 kupigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, na alirudi na malaria na ukimya. Nilimweleza Mzee haya kwa mara ya kwanza leo, baada ya kujuana miaka yote hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mjomba wake alifia Bama. Hatukuulizana zaidi. Tangu 2011 Japani ina kambi Djibouti, jirani na ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sababu ya maharamia wa Somalia ambao sisi wa pwani tunawafahamu. Kwa hiyo ushirika huu umeshafika mlangoni kwetu.

Tukinywa chai nilimuuliza wanajeshi wa Marekani waliopo sasa ni wangapi. Ni zaidi ya 50,000. Akacheka, akaikumbuka methali aliyojifunza Taita.

“Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ana miaka zaidi ya sabini, Mwalimu, na jembe tunamnunulia sisi.”

Alikuwa na maana ya fungu la bajeti lililoanza mwaka 1978, ambalo Japani hulipia mishahara ya wafanyakazi wa kambi, umeme, maji na majengo. Wajapani huliita bajeti ya huruma, na aliyelibuni jina hilo bila shaka hakukusudia kejeli.

19 Juni, Tokyo

Kufua, kufunga mizigo. Usiku wa kuamkia tarehe hii mwaka 1960 mkataba uliridhiwa wenyewe, kwa kuwa katiba inasema zikipita siku 30 bila baraza la juu kuamua, kura ya baraza la chini inatosha. Maelfu kwa maelfu walikuwa wamekaa barabarani kulizunguka Bunge, saa sita ikapiga, na hakuna kilichotokea. Siku ile ile Eisenhower, aliyekataliwa Tokyo, alitua Okinawa, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Marekani. Kesho naelekea huko peke yangu. Magoti ya Mzee yamekataa.

20 Juni, Naha

Joto la hapa ni la kwetu, na mvua zimekwisha. Okinawa ilirudishwa kwa Japani tarehe 15 Mei 1972, ikiwa imetawaliwa na Marekani kwa miaka 27. Kabla ya hapo ilitumia dola na kuendesha magari upande wa kulia. Kuhamia kushoto kulifanyika kwa siku moja, 30 Julai 1978, na dereva wa teksi aliyenichukua alikumbuka jinsi alivyokaribia kujigonga ukutani.

21 Juni, Ginowan na Kadena

Kilima cha Kakazu kilikuwa ngome ya Wajapani Aprili 1945, na handaki lao la saruji bado lipo. Ukipanda mnara wa kutazamia unauona uwanja wa ndege wa kijeshi wa Marekani wa Futenma wote, umelala katikati ya mji kama mkeka uliotandazwa sokoni, nyumba zikiufuata uzio pande zote. Mwaka 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12. Oktoba mwaka ule watu wapatao 85,000 walikusanyika katika mji huu, na mwaka uliofuata serikali mbili zikaahidi kuurudisha uwanja huu ndani ya miaka mitano hadi saba. Tarehe 13 Agosti 2004 helikopta ilianguka kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa, kilicho jirani, na wanajeshi wa Marekani wakalizingira eneo na kuwazuia polisi wa Japani wasiingie. Helikopta mbili ziliinuka nikiwa juu ya mnara. Futenma haijarudishwa.

Kadena, kambi ya jeshi la anga la Marekani, ni kubwa zaidi. Kambi imekula zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya mji wenye jina hilo, na ng'ambo ya barabara kuna jengo lenye roshani ambapo wageni hutazama ndege za kivita zikipaa huku chini yao wakiuziwa viazi vitamu vya zambarau. Okinawa ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, na imebeba takriban asilimia 70 ya ardhi yote inayotumiwa na majeshi ya Marekani peke yake. Nilikaa pale roshani kwa muda mrefu nikizikumbuka nyasi za Tachikawa. Katika miaka ya 1950, kambi za bara zilipopingwa na kupunguzwa, wanamaji wa nchi kavu wa Marekani waliokuwa Gifu na Yamanashi walihamishiwa huku, mahali ambapo katiba ya Japani haikufika na hakimu Date hakuwa na mamlaka.

22 Juni, Henoko

Basi refu kuelekea kaskazini. Mbele ya lango la Camp Schwab, kambi ya Marekani, wazee wamekuwa wakikaa tangu Julai 2014, siku za kazi, wakiyazuia malori ya udongo unaofukia bahari kwa ajili ya uwanja utakaochukua nafasi ya Futenma. Malori yalipofika leo, polisi waliwabeba mmoja mmoja, kwa adabu ya ajabu, wakawaweka kando, malori yakaingia, wazee wakarudi kukaa. Katika kura ya maoni ya 24 Februari 2019 takriban asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa ufukiaji huu, lakini kazi haikusimama. Chini ya bahari upande mmoja kuna tope laini linalohitaji makumi ya maelfu ya nguzo. Bibi mmoja alinipa kiti cha kukunja na chupa ya chai baridi, akaniuliza nimetoka wapi, akalirudia neno Mombasa mara tatu kama anayelionja.

23 Juni, Mabuni

Leo ni siku ya kuwakumbuka waliokufa, kwa kuwa mwisho wa mapigano ya Okinawa huhesabiwa kuwa tarehe 23 Juni 1945. Hapa Mabuni, juu ya majabali ya kusini, yamesimama mawe meusi yaliyokunjwa kama mapazia, yameandikwa majina zaidi ya 240,000: raia wa Okinawa, wanajeshi wa Japani, Wakorea, na Wamarekani zaidi ya 14,000 kwa herufi za Kilatini. Familia zilikuja tangu alfajiri na maji, maua na vyakula. Saa sita kamili watu wote walinyamaza kwa dakika moja.

Ibara ya nane ya mkataba wa 1960 inasema kwamba utaanza kutumika siku nyaraka za kuridhiwa zitakapobadilishwa. Zilibadilishwa Tokyo tarehe 23 Juni 1960, na siku ile ile Kishi akatangaza kujiuzulu. Nilimpigia Mzee simu nikiwa chini ya mti, nikamuuliza kama aliwahi kuziona tarehe hizi mbili zikikutana.

Alikaa kimya kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.

“Siku ile tulilia kwa sababu tumeshindwa,” akasema. “Mkataba unasema maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani. Okinawa haikuwemo, Mwalimu. Tulikaa Bungeni mwezi mzima tukipiga kelele, na mimi sikumbuki kulisikia jina lake hata mara moja.”

Nyuma yangu bibi mmoja alikuwa akiliosha jina kwa kitambaa, na maji yakishuka juu ya majina yaliyo chini yake.